Mayai Niliyoyageuza

Christelle aliponipigia simu mwezi wa tano kusema kwamba anakuja Kindu, nilimwuliza anakuja kufanya nini. Ningeweza kumwuliza atakaa siku ngapi, au siku hizi anapenda kula nini, lakini ulimi ulikimbilia swali hilo. Alinijibu kwamba anakuja kwa ajili ya mayai ya kobe.

Christelle ni mwanangu wa kumzaa, na sina mwingine. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote nilikuwa nimemlea mmoja na nusu tu.

Vita vilipokaribia mji wetu, mwaka wa tisini na nane, mume wangu Okito, aliyekuwa fundi wa reli, alikwenda Kibombo kututafutia mchele. Hakurudi, na mpaka leo sijapata mtu wa kunionyesha mahali alipolala. Mwezi wa kumi, milio ya bunduki ilipoanza kusikika upande wa uwanja wa ndege, mdogo wangu Espérance alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake ili aende Kisangani kwa mumewe, kwa miguu, kwa njia ya Punia na Lubutu. Mimi nilikuwa na homa na miguu imevimba; kufika kisimani tu ilikuwa safari. Espérance alisema nimpe mtoto, atanirudishia njia ikifunguka. Nilimfunga Christelle mgongoni kwa mdogo wangu kwa kitenge changu mwenyewe. Alikuwa amelala. Nilimshukuru Mungu kwamba amelala na hatalia, na tangu siku ile naomba msamaha kwa shukrani ile, kwa sababu mtoto aliamka mbali, akatafuta, hakuniona.

Njia ilifunguka baada ya miaka mitano. Nilipofika Kisangani, Christelle alikuwa anasoma darasa la kwanza. Alisimama nyuma ya Espérance, akaambiwa anisalimie mama mukubwa, kwa maana kwetu dada mkubwa wa mama huitwa hivyo. Alinisalimia vizuri, kwa mikono miwili. Espérance aliniomba nimwache amalize mwaka wa shule. Mwaka ulikwisha, ukafuata mwingine, na mimi huku Kindu nilikuwa nauza sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mafuta ya mawese, chumba changu kinavuja, nikajiuliza namleta kwenye nini. Sikumnyang'anya mdogo wangu mtoto, na yeye hakuniibia. Ndivyo ilivyokuwa.

Alipotimiza miaka kumi na miwili Espérance alimweleza yote. Christelle aliniandikia barua. Katika barua ile aliniita mama mukubwa, kwa sababu ndilo jina alilokuwa nalo kwa ajili yangu. Najua aliandika hivyo kwa kuwa katekista wa kanisa letu alinisomea, kwa sauti kubwa, uani, wapita njia wakisimama kusikiliza. Mimi nilikuwa sijui kusoma. Haya ile ilikaa ndani yangu miaka kumi kabla sijaenda kujiandikisha kwa Pélagie, mwalimu wa masomo ya jioni ya kusoma na Kifaransa kidogo, ili asiwepo mtu mwingine wa kunisomea barua za mtoto wangu. Nilipojua kusoma, watu walikuwa wameacha kuandika barua. Wanapiga simu.

Basi alikuja, mwezi wa sita, kwa pikipiki kutoka Lubutu, mwekundu wa vumbi toka viatu mpaka nyusi, na nyuma yake masanduku matatu ya frigolite, yale meupe mepesi ya kubebea samaki wabichi. Alifikia kwa masista, kwenye nyumba yao ya wageni. Kesho yake alikuja kunisalimia.

Kobe aliowafuata ni wale wakubwa wa mto wetu, Lualaba, wenye mgongo laini kama ngozi iliyolowa na pua nyembamba kama mrija. Wakati wa kiangazi maji yanaposhuka na mafungu ya mchanga yanapojitokeza, majike hupanda kutaga. Nilipokuwa msichana, mtu aliweza kukanyaga kiota bila kukitafuta. Sasa wamebaki wachache, kwa sababu nyama yao ni tamu, na mayai yao hayafichiki: unachoma mchanga kwa fimbo, ncha ikitoka imelowa, umeyapata. Vijana wa Alunguli, ng'ambo ya mto, wameunda chama kidogo cha kuyawahi mayai hayo kabla ya wenye fimbo na kuyahifadhi ndani ya masanduku yenye mchanga na balbu za kuyapasha joto mpaka yaangue. Christelle alikuwa anaandika kitabu chake cha kumaliza chuo kikuu juu ya jambo hilo. Alinieleza huku anakula sombe yangu. Alitaka kujua kama mtoto wa kobe aliyekuzwa ndani ya sanduku, kwa joto la kupimwa, anatoka sawa na yule aliyekulia kwenye mchanga ambao mama yake alimchagulia. Kama wana uzito mmoja, nguvu moja, akili moja ya kuyatafuta maji.

Sikuinua uso kutoka kwenye sahani. Nilimwuliza kama sombe ina chumvi ya kutosha.

Mwenye mtumbwi aliyemvusha kila siku alikuwa mzee Bulaimu. Maisha yake yote, alisema, ameyala mayai haya, na sasa katika uzee analazimishwa kuyalinda kama binti za imamu. Akamwuliza Christelle kama chuo kikuu kitampa na yeye cheti. Walipata viota vitatu. Nusu ya mayai ya kila kiota waliyaacha mahali pake, wakazungushia ua wa fito, na Bulaimu akawa mlinzi. Nusu nyingine, mayai thelathini na tisa, Christelle aliyatoa moja moja kwa vidole viwili, akayatia alama ya msalaba juu kwa kalamu ya risasi, akayalaza kwenye mchanga wa masanduku yake, kumi na matatu kila sanduku.

Alihitaji chumba kisichopitwa na watu wengi. Kwa masista wafanyakazi huingia na kutoka, kila mmoja na ufagio wake. Nilimwambia ninacho chumba cha matofali ya udongo nyuma ya jiko, ambamo naweka makala, makaa ya kupikia, na mafuta. Nilitoa kila kitu siku ileile. Akaweka masanduku juu ya meza: la kwanza na la pili yenye balbu ndogo iliyowashwa kwa betri ya jua, moja vuguvugu, jingine la joto zaidi, la tatu bila balbu, kwa joto la nyumba tu. Siku za kwanza alikuja asubuhi na jioni kuyatazama, nami nikawa nampata mara mbili kwa siku. Kisha betri ikaanza kusumbua, akaona ni afadhali alale karibu. Alileta mkoba wake. Nikampa kitanda, mimi nikatandika mkeka.

Sijui nizieleze vipi siku zile. Nilijifunza kwamba hapendi pilipili, kwamba analala ubavu wa kushoto na mkono chini ya shavu kama Okito, kwamba akifikiri anauma mfuniko wa kalamu. Alicheka nilipomsomea gazeti la parokia kwa kidole, lakini alicheka vizuri, akanisahihisha. Na kila jioni alimpigia Espérance simu. Ukuta wetu ni mwembamba.

"Mama, nimekula. Ndiyo, mama. Mama mukubwa iko vizuri, anakusalimia."

Sikuwa nimetoa salamu yoyote. Nilipiga magoti kwenye mkeka wangu na kumwomba Mungu jambo moja tu, jambo ambalo mwanamke wa miaka hamsini na mmoja angeona aibu kuliomba mbele za watu: nilisikie neno lile likisemwa kwangu, mara moja tu, bila "mukubwa".

Siku ya tisa tangu mayai yawekwe sandukuni, mtu alileta habari ya kiota kingine, upande wa Kibombo. Christelle akasema atakwenda kwa pikipiki na kukaa huko wiki moja. Nilipolisikia jina la Kibombo nilienda kuchochea moto, na sikumwambia kwa nini. Baba yake, yeye alimjua kwa picha moja tu, na picha haionyeshi barabara ambayo mtu alipotelea. Alinifundisha kazi. Nisome vipimajoto asubuhi na jioni, niandike namba kwenye daftari, niongeze vijiko vitatu vya maji mchanga ukionekana mkavu.

"Mayai yenyewe uyaache vile nimeyalaza," alisema.

Nikasema ndiyo.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu anajua. Kuku au bata akiyaacha mayai yake, hatuyatupi. Tunayaweka kwenye kikapu chenye pumba za mchele, karibu na mafiga, tunayatia alama ya makala upande mmoja, na tunayageuza: asubuhi alama chini, jioni alama juu. Yai lisilogeuzwa, kifaranga hushikamana na ganda akafia humo. Mimi mwenyewe, wakati wa vita, siku chache baada ya Espérance kuondoka, majirani walinibeba kukimbilia porini, na kitu nilichotoka nacho nyumbani kilikuwa mayai matano ya bata ambaye askari walikuwa wamemla. Niliyafunga tumboni kwa kitambaa, mahali pale pale nilipozoea kumlaza mtoto. Asubuhi niliyageuza, jioni niliyageuza. Sikuwa na kazi nyingine mikononi. Matatu yaliangua.

Kwa hiyo, pikipiki ilipokwisha kupotea na mimi nikasimama mbele ya masanduku, nilifikiri hivi: huyu mtoto amekulia mjini, katika nyumba ya matofali ya kuchoma, na Espérance hakufuga hata kuku mmoja. Alama ameziweka sawa, lakini hakuna aliyemfundisha kugeuza. Vitabu vyake vimelisahau jambo hili, au wanaume ndio waliovitunga. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulifurahi. Nilikuwa nimekipata kitu kimoja ambacho mama humpa binti yake, ambacho bado hakuna mtu aliyempa. Nitayageuza, nikasema, na yatakapoangua yote bila kupungua, ndipo nitamwambia.

Niliyageuza siku nane. Asubuhi msalaba chini, jioni msalaba juu, sanduku la kwanza na la pili, na kwa kila yai nilisema neno moja la sala: amfikishe, amrudishe. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi, sikulitikisa hata moja. Sanduku la tatu sikuligusa. Mfuniko wake ulikuwa umebandikwa kwa skochi, utepe wa gundi, pande zote ili kushika waya wa kipimajoto, na nilikuwa naogopa kuharibu. Yale ya humo niliyahurumia.

Christelle alirudi jioni ya siku ya nane, mzima, na mfuko wa mchele wa Kibombo mapajani. Alinipa kwa mikono miwili. Kile kiota hakukiwahi, watu walikwisha kuyala mayai yake, lakini mchele aliambiwa ni mzuri. Niliupokea nikaingia nao ndani, nikaukumbatia nyuma ya pazia mpaka nikaweza kutoka.

Alilitazama daftari langu la namba, ukurasa kwa ukurasa, akasema nimeandika vizuri kuliko wanafunzi wenzake.

Baada ya wiki moja aliyapima mayai kwa mwanga. Alifunika dirisha kwa blanketi, akayatoa moja moja bila kuyainamisha, akayamulika kwa taa ya simu. Nilisimama mlangoni. Katika sanduku la kwanza yai la kwanza lilikuwa la njano tupu, kama mafuta. La pili vile vile. Aliendelea mpaka mwisho, na sanduku la pili lote, yote ya njano. Alipolifungua la tatu, mwanga ulitoka mwekundu, na ndani yake mishipa midogo kama mizizi ya mpunga, na kwenye mayai mengine kitu kilichotikisika. Hapo akakaa chini, mgongo ukutani.

Mayai ishirini na sita yalikuwa yamekufa. Kumi na mawili kati ya yale kumi na matatu ya sanduku la tatu yalikuwa hai.

Siku tatu alihesabu na kuandika. Alitazama namba za joto nilizomwandikia, akazichora kwenye karatasi ya miraba, akasema sasa ameelewa: ni balbu. Joto la kuongezwa kwa mkono linawaua, hata likiwa dogo. Alikuwa na huzuni, lakini huzuni ya mtu aliyepata jibu. Ataandika kwamba kobe hawa hawavumilii masanduku ya kupashwa joto, na vijana wa Alunguli wataacha kutumia balbu, labda wataacha na masanduku yenyewe. Mzee Bulaimu alipoambiwa alisema yeye alijua tangu mwanzo kwamba Mungu hakuumba kobe wa kuzaliwa ndani ya kasha la samaki, na kama chama kinavunjwa, basi mayai yaliyobaki agawiwe na yeye.

Mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Nililijua tangu aliposema sanduku la tatu ni hai, kwa sababu kati ya masanduku yale kulikuwa na tofauti mbili, naye aliijua moja tu.

Nilikwenda kusali. Kila nilipofika mahali ambapo mtu hutaja makosa yake, nilisimama hapo kama punda. Nilijaribu kupita bila kutaja, sala haikuendelea. Nilimwambia Mungu kwamba miaka ishirini na sita nimemngoja mtoto huyu, na sasa analala nyumbani kwangu, na ananirekebisha nisomapo, na akijua nilichofanya ataondoka. Nilimwambia kwamba mayai yamekufa tayari na kusema hakutayafufua. Nilisema maneno mengi. Lakini kitabu kile watu watakisoma. Vijana watazima balbu zao kwa sababu ya mikono yangu, na jina la mwanangu litakuwa chini ya uongo ambao yeye hakuutunga.

Nilitoka kanisani nikamkuta mezani, uani, anaandika. Nilibaki nimesimama.

"Christelle, mayai yale niliyageuza."

"Namna gani uliyageuza?"

"Kama ya bata. Asubuhi na jioni. Wakati ulikuwa Kibombo."

Aliiweka kalamu. "Masanduku yote?"

"La tatu hapana. Niliogopa skochi."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu kama kikohozi. "Nilikuambia uyaache."

"Uliniambia."

"Sasa kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema juu ya kuku na bata, juu ya kikapu na pumba. Nikasema, "Nilitaka na mimi nikufundishe kitu."

Alizipanga karatasi zake. Kisha alianza kunieleza, kwa sauti ya mwalimu, bila kunitazama: kwamba yai la kobe si kama la ndege, kwamba mtoto wa kobe, siku ya kwanza tu baada ya kutagwa, hupanda juu ya yai na kujishikiza pale, na pale ndipo pumzi yake ilipo, ukimgeuza anakuwa chini, uzito wote wa kiini juu yake, naye hawezi kujinasua. Ndege huyageuza ya kwake. Kobe huyafukia akaondoka, na hakuna anayeyagusa tena. Ndiyo maana ya msalaba. Alieleza mpaka mwisho, vizuri, nikaelewa kila neno. Halafu sauti ya mwalimu ikamwishia.

"Kobe iko hata Ubundu, mama mukubwa. Ubundu, pale karibu na Kisangani. Profesa alitaka niende Ubundu. Mimi njo nilikataa, nikasema Kindu."

Alichukua mkoba wake akaenda kwa masista.

Nilikaa kwenye kiti chake. Kwa hiyo lile swali nililomwuliza kwenye simu lilikuwa na jibu lingine, naye alikuwa amelibeba njia yote ile ya vumbi bila kulisema, na amelisema siku anayoondoka.

Kesho yake asubuhi alirudi na daftari. Alinisalimia kwa heshima, akakaa mbali kidogo, akaniuliza kama polisi anavyouliza. Tarehe gani nilianza. Saa ngapi asubuhi, saa ngapi jioni. Kama niliyageuza nusu au mzunguko mzima. Kama mikono ilikuwa na maji. Kama kuna siku niliyosahau. Nilijibu yote. Kisha akatoa yai la kuku mfukoni, akaniambia nimwonyeshe. Nililiweka kwenye bakuli la mchanga, nikaligeuza kama nilivyozoea, kwa vidole vitatu, taratibu. Aliitazama mikono yangu muda mrefu kuliko kazi ile ilivyohitaji. Akaniomba nifanye tena. Akaandika.

Tangu siku ile alikuja kila siku kulitazama sanduku la tatu, lakini hakulala tena nyumbani. Niliacha kitanda kimetandikwa. Niliendelea kusoma kipimajoto na kuandika namba, kwa kuwa hakuniambia niache, na mikono niliifunga nyuma nikiwa ndani ya chumba kile.

Mwisho wa mwezi wa nane watoto wa kobe walianguliwa. Kule kwenye fungu la mchanga Bulaimu aliona mchanga unachemka, na siku mbili baadaye sanduku la tatu nalo. Christelle alihitaji mtu wa kushika saa na mtu wa kuandika. Bulaimu alipewa saa. Mimi nikapewa daftari. Tulikaa kwenye mchanga, upande wa Alunguli, asubuhi kabla jua halijakali. Alimchukua mtoto wa kobe, mkubwa kama kifuniko cha chupa ya mafuta, akamlaza chali, akahesabu muda anaotumia kujipindua. Wale wa mchanga walipiga shingo mara moja, mbili, wakawa wamesimama: sekunde tisa, sekunde kumi na moja, nane. Wale wa sanduku walikuwa wanene kidogo, wazuri wa kutazama, lakini walilala pale wakipunga miguu hewani. Ishirini. Ishirini na nne. Mmoja arobaini, na Bulaimu akamwambia kwamba hata yeye mzee wa miaka sabini angekuwa amekwisha kuvaa na kwenda msikitini.

Christelle alitueleza kwamba wale wa mchanga huchimba pamoja siku mbili tatu kutoka chini, wakisukumana, na labda kazi hiyo ndiyo inayowapa shingo. Katika sanduku mchanga ni kiganja kimoja tu. Wanatoka bila kuhangaika.

Nilikuwa nimeandika namba thelathini na kitu. Nilimwuliza, bila kuacha kuandika, "Na hawa wa sanduku, nguvu ile wanaweza kuipata baadaye?"

"Sijui," alisema. Alikuwa amemshika mmoja kiganjani. "Hakuna mtu aliyewafuata kuona."

Tuliwaachia wote mahali pamoja, hatua ishirini kutoka majini, ili watembee wenyewe. Wale wa mchanga walitangulia. Wale wa sanduku walizunguka kwanza, wakageukia upande wa majani, wakasimama, wakageuka tena. Sikumnyooshea mmoja wao hata kidole. Walifika kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikaa katikati ya mchanga akavuta shingo ndani, na sisi watatu tukabaki tumemwangalia mpaka Bulaimu akasema jua litamwua, na Christelle akasema asiguswe. Tulingoja. Alitoa shingo, akaenda. Maji yalimchukua mara moja.

Christelle aliondoka baada ya siku mbili. Alinikumbatia, akasema, "Mungu akulinde, mama mukubwa," akapanda pikipiki. Sikulia mbele yake. Wiki nyingi nilipita mbele ya chumba kile bila kurudisha makala ndani.

Mwezi wa kumi na mmoja mfanyabiashara mmoja wa Lubutu aliniletea bahasha. Ndani kulikuwa na kitabu chake, cha karatasi zilizobanwa pamoja, kwa Kifaransa. Pélagie alitaka kunisomea. Nilimwambia asante, nitasoma mwenyewe, hata kama itanichukua mpaka Krismasi.

Ukurasa wa mwanzo ni wa shukrani. Pale juu, peke yake, limeandikwa jina la mama yake, Espérance. Chini, katika orodha ndefu ya maprofesa, masista na Bulaimu, nilijikuta: mama mukubwa Germaine, kwa nyumba na chakula. Nilisoma mara mbili kuhakikisha. Ilikuwa haki, na iliuma. Nikaendelea na kurasa zilizofuata, mbili au tatu kila jioni baada ya sala, na kamusi ya Pélagie pembeni, bila kutafuta kitu tena isipokuwa kuelewa kazi ya mtoto wangu.

Jioni ya kumi na tatu nilifika ukurasa wa thelathini na moja, anapoeleza jinsi kazi ilivyofanyika. Amesema wazi kwamba vifo vya masanduku mawili haviwezi kuhesabiwa kuwa kosa la joto, na vijana wasizime balbu zao kwa ajili ya hivyo. Halafu unakuja mstari ambao niliushika kwa kidole neno kwa neno. Unasema kwamba mayai ishirini na sita yaligeuzwa kwa mkono, mara mbili kwa siku, kwa muda wa siku nane, kwa namna mayai ya bata yanavyotunzwa huku Maniema, na mama wa mwandishi.

Nililitafuta neno katika kamusi ingawa nalijua. *Mère*, mama. Limekaa pale peke yake, halina kitu mbele wala nyuma.

Nilimpigia simu. Aliniuliza kama bahasha imefika, nikasema imefika na ninasoma.

"Umefika wapi?"

"Thelathini na moja."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, kama mtu anayetafuta mahali pa faragha. "Profesa aliuliza ni nani aliyeyageuza," akasema. "Alisema siwezi kuandika 'mutu fulani'. Ilibidi niandike ukweli."

"Umeandika sawasawa," nikamwambia.

 Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake, mbali, sauti ya Espérance ikiwaita watu kula. Hakuitika. Hakukata, nami sikukata, mpaka salio langu lilipokwisha.